Jukwaa la Roketi la Ngomeni na Mashine Yetu ya Posho



Somo la mwezi huu ni refu kidogo. Katibu alisome kwa sauti, pole pole, na kila akikuta maneno "tusimame hapa" aweke gazeti chini mzungumze kwanza. Kama kikao ni kifupi, ligaweni mara mbili. Tutaanza mbali, huko pwani ya Malindi na hata ng'ambo, halafu turudi hapa kwetu Ruiru na Thika. Mkiona mambo ya roketi yanazidi, vumilieni. Mashine ya posho inakuja.

WIKI YA KUNGOJA

Wengi wenu mnakumbuka ile wiki ya Aprili 2023. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilikuwa imeshafungwa juu ya roketi huko Vandenberg, California, Marekani. Ni kitu kidogo, mtu anaweza kukibeba kwa mikono miwili, lakini kina kamera ya kupiga picha za mashamba, misitu na mito kutoka juu. Wahandisi Wakenya waliibuni wakaitengeneza wakishirikiana na kampuni moja ya Bulgaria, na gharama iliyotajwa ilikuwa shilingi milioni 50. Ilitangazwa kwamba ingeruka tarehe 11. Haikuruka. Hali ya hewa. Watu wakaambiwa wangoje, wakangoja, ikasogezwa tena. Mwishowe, Jumamosi tarehe 15, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa za Kenya, roketi aina ya Falcon 9 iliondoka na Taifa-1 ndani yake, pamoja na mizigo mingine kama hamsini ya nchi na makampuni mbalimbali. Ilikuwa kama matatu: kila mtu na nauli yake, gari ni moja.

Kuhusu huko kuahirisha, wengine walicheka. Wakasema ya Wakenya ni hayo hayo tu. Lakini aliyesimamisha safari hakuwa Mkenya, na hakufanya kosa. Upepo wa huko juu ukiwa mkali unaweza kuipinda roketi na kuivunja, hata kama hapa chini majani hayatikisiki. Wenye kazi hiyo wana desturi moja nzuri: mtu mwenye wajibu akisema simama, hesabu inasimama, hata kama wageni wa heshima wameshakaa kwenye viti. Hakuna anayemwita mwoga. Nimekaa katika mikutano mingi ya vikundi ambapo mweka hazina aliona hatari akanyamaza, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameshaalika chifu.

Basi baada ya Taifa-1 kuruka, kijana mmoja baada ya ibada aliniuliza swali ambalo ndilo lililozaa somo hili. Alisema, "Mbona sisi twende kupanga foleni California, na jukwaa la kurushia roketi tunalo hapa kwetu, Ngomeni?"

Swali lake ni la haki. Sikuwa na jibu fupi.

JUKWAA LENYEWE

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, kwenye Ghuba ya Ungwana. Ukisimama ufukweni ukatazama baharini utaona vitu viwili vimesimama majini juu ya miguu ya chuma, kama meza kubwa zilizosahauliwa. Moja inaitwa San Marco, nayo ndiyo iliyokuwa ya kurushia roketi. Nyingine inaitwa Santa Rita. Hapo walikaa waongozaji, na nyaya zilipita chini ya maji kati ya meza hizo mbili. Santa Rita zamani ilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. Hawakujenga kila kitu upya. Walichukua chuma cha kazi nyingine wakakipa kazi mpya. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Aliyeanzisha mambo hayo ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Alikuja Kenya miaka ile ile ya Uhuru wetu. Mwaka 1964 roketi ndogo za kupima hewa ya juu zilianza kurushwa kutoka hapo, na tarehe 26 Aprili 1967 ikaruka setilaiti ya kwanza, San Marco 2.

Kwa nini mtu atoke Roma aje Ngomeni? Sababu ni ikweta. Dunia inajizungusha, na mahali penye mwendo mkubwa ni katikati, penye ikweta, kama vile ukingo wa gurudumu unavyokwenda kasi kuliko sehemu ya karibu na ekseli. Ngomeni, ambako ni karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, ardhi yenyewe inakwenda kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roma ni karibu 1,240. Kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni inasukumwa bure na dunia. Tena mbele yake ni Bahari ya Hindi tu. Vipande vinavyodondoka havimwangukii mtu.

Msukumo huo wa bure Mungu ameuweka kwetu. Wazungu waliuona kabla yetu. Si kosa lao kuuona.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya Uhuru, saa nane kasoro dakika saba mchana, iliruka kutoka San Marco setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ndiyo miale ya aina ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa. Haipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo mwenye kutaka kuiona ni lazima apande juu ya hewa. Msimamizi wa mradi alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, na kwa sababu ya siku hiyo na ukarimu wa wenyeji akaipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973. Ilipata zaidi ya vyanzo 300 vya miale hiyo angani, na habari zake zilisaidia wataalamu kutambua kile ambacho leo kila mtoto wa shule anakisikia, shimo jeusi. Kiongozi wa wanasayansi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nimewauliza wanafunzi wa sekondari kadhaa kati ya Juja na Thika kama wanajua habari ya Uhuru iliyoruka. Wanajua Uhuru Park na Uhuru Kenyatta.

Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa lile. Nane ziliruka kati ya 1967 na 1975. Halafu kimya. Ya tisa, San Marco ya tano, ilipangwa kwenda mapema, ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, mpaka ikaruka tarehe 25 Machi 1988. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu tangu ile ya nane. Tangu siku hiyo hakuna setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni.

Tusimame hapa. Kila mwanakikundi aseme anadhani jukwaa liliacha kazi kwa sababu gani. Katibu aandike majibu.

KILICHOLIZEESHA

Nadhani wengi mmesema kutu. Ni kweli chuma kinachokaa katika maji ya chumvi kinaliwa, na yeyote aliyeona mashua ya chuma ya zamani kule pwani anajua. Lakini kutu hupakwa rangi. Kutu hubadilishiwa mguu. Jukwaa lile halikuuawa na bahari.

Lilikuwa limetengenezwa kwa roketi ya aina moja tu, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Ilikuwa roketi nyembamba, urefu wake kama mita 23, yenye fueli kavu, nzuri kwa mizigo midogo. Setilaiti zote tisa zilipanda Scout. Kisha Wamarekani wakaanza kufikiria vyombo vingine vikubwa zaidi, na Scout ikaruka mara ya mwisho mwaka 1994. Siku hiyo jukwaa la Ngomeni, hata lingekuwa limepakwa rangi jana, lilikuwa halina kazi. Mwenye duka la spea amefunga.

Nayo Italia, wenyewe walipotengeneza roketi yao, Vega, hawakuileta Ngomeni. Iliruka mara ya kwanza Februari 2012 kutoka Kourou, kule Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Kourou nako ni karibu na ikweta, na huko Wazungu wa Ulaya walikuwa wameshajenga barabara, bandari, mitambo na nyumba za wafanyakazi tangu miaka ya sitini. Mtu anayeenda kusaga huenda palipo na mashine inayofanya kazi na njia ya kufika.

Sasa namjibu yule kijana. Tusidanganyane: hata kama jukwaa lingekuwa zima, Taifa-1 haingelihitaji sana. Setilaiti ya kupiga picha za mashamba huzunguka kupitia kaskazini na kusini, ili dunia ikizunguka chini yake iweze kuona kila mahali. Safari ya namna hiyo haipati faida kubwa kutoka kwenye ule msukumo wa ikweta. Na Falcon 9 ina urefu wa mita 70. Huwezi kuisimamisha juu ya meza iliyotengenezewa Scout, kama huwezi kufunga trela nyuma ya mkokoteni. Kwa kitu kidogo kama Taifa-1, kukata tiketi ya matatu California ilikuwa akili. Kinachouma ni kingine. Kwa zaidi ya miaka hamsini kazi hii imekuwa ikifanyika ndani ya maji yetu, na tulikuja kupata wahandisi wa kubuni setilaiti juzi juzi tu. Ya kwanza kabisa ya Kenya, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitoka mwaka 2018.

KILICHOBAKI

Lakini msifikiri pale Ngomeni ni makaburi. Kwenye nchi kavu, ng'ambo ya zile meza, kuna kituo chenye antena kubwa, na hicho hakikulala. Setilaiti ikiwa juu lazima ishushe habari zake mahali, na inapita juu ya sehemu moja kwa dakika chache tu. Setilaiti zinazozunguka karibu na ikweta zinapita juu ya Malindi tena na tena kwa siku. Kwa hiyo ile ile ikweta iliyofaa kurushia, inafaa pia kusikilizia. Setilaiti ya Swift iliyorushwa mwaka 2004, NuSTAR ya mwaka 2012, na IXPE ya Desemba 2021, zote ziliwekewa mpango wa kushusha habari zake hapo Malindi. Zote tatu zinahusika na miale ya eksirei, kazi ile ile ya Uhuru. Mdomo ulinyamaza, sikio likaendelea.

Sisi wa Thika Road tuna jirani wa kazi hiyo pia. Ukitoka Ruiru kwenda Nairobi, pale Kasarani kuna kituo cha kikanda cha kupima ardhi na kuchora ramani, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika ya mashariki na kusini. Huko ndiko picha za setilaiti zinakofanywa ramani za mazao, misitu na mafuriko. Watu wanakipita kila siku wakienda kuuza mboga.

KARATASI

Sehemu hii isomwe mara mbili.

Jukwaa liko katika maji ya Kenya. Mitambo ilikuwa ya Waitaliano. Roketi na setilaiti nyingi zilikuwa za Wamarekani. Basi nani mwenye nini? Jibu liko katika mikataba, na mikataba imekuwa ikibadilika. Kulikuwa na mapatano ya mwanzo miaka ya sitini, ukaja mkataba wa 1987, ukaja wa 1995. Huo wa 1995 muda wake ulipokwisha ukawa unaongezwa huku mazungumzo yakivuta. Viongozi wa Kenya na watu wa pwani walilalamika miaka mingi kwamba nchi inapata kidogo na kijiji kinapata kidogo zaidi. Oktoba 2016, huko Trento, Italia, ukatiwa sahihi mkataba mpya, na ndani yake mna mafunzo kwa Wakenya, haki ya kupata habari za setilaiti, kituo cha kuangalia dunia, matibabu kwa njia ya mitambo ya mbali, na msaada kwa Shirika la Anga la Kenya. Shirika lenyewe liliundwa mwaka 2017. Hesabuni wenyewe: tangu roketi ya kwanza mwaka 1964 mpaka shirika letu wenyewe, ni miaka 53.

Kuna nchi nyingine iliyo na jukwaa la watu wengine ndani ya ardhi yake. Kazakhstan ina Baikonur, mahali alipoondokea Yuri Gagarin tarehe 12 Aprili 1961, mtu wa kwanza kwenda anga za juu. Urusi inalikodi eneo hilo, na kodi iliyoandikwa ni dola milioni 115 kwa mwaka, mpaka mwaka 2050. Tusijilinganishe kwa pesa, maana Baikonur ni mji mzima. Tazameni karatasi tu: kiasi kimeandikwa, mwaka wa mwisho umeandikwa.

Na hata huko uzee umefika. Lile jukwaa lenyewe la Gagarin lilitumika mara ya mwisho Septemba 2019. Lilikuwa limetengenezewa roketi za Soyuz za zamani; zilipokuja Soyuz mpya lilihitaji kubadilishwa, na fedha za kulibadilisha hazikupatikana. Likapangiwa kuwa makumbusho. Kwa hiyo Ngomeni si maskini peke yake. Jukwaa lenye jina kubwa kuliko yote duniani liliishiwa na roketi vile vile.

Kuhusu kesho ya Ngomeni, Shirika la Anga la Kenya limekuwa likizungumzia kuwa na kituo cha kisasa cha kurushia roketi nchini, kwa sababu ikweta haijahama. Maoni yangu, na mnaweza kunipinga, ni kwamba zile meza mbili hazitarusha tena kitu kikubwa. Zitunzwe kama kumbukumbu, watoto wa shule wapelekwe kuziona, na nguvu iwekwe kwenye antena na kwenye vichwa vya vijana. Kama kituo kipya kitajengwa mahali popote, wenye ardhi hiyo wajue kabla ya tingatinga kufika wanapata nini, kwa miaka mingapi, na kikizeeka ni nani atakiondoa. Yesu katika Luka sura ya 14 anamsema mtu aliyeanza kujenga mnara bila kukaa chini kupiga hesabu, akaishia kuchekwa. Mimi ningeongeza hesabu ya kubomoa.

Tusimame hapa. Je, kikundi chenu kina kitu gani cha pamoja chenye umri zaidi ya miaka kumi? Tangi, kisima, mashine, nyumba ya kukodisha, viti na hema? Kimesimama juu ya ardhi ya nani?

KIKUNDI KIMOJA UPANDE WA RUIRU

Jina lao silitaji kwa sababu jambo lao halijaisha. Walianza mwaka 1986 kwa harambee, wakanunua mashine ya posho ya injini ya dizeli. Mzee mmoja, Mkristo mwema, akawapa kipande cha ardhi wajenge kibanda cha mabati. Aliwapa kwa mdomo. Wakaomba, wakashikana mikono, wakanywa chai. Miaka ile watu wa mashamba ya kahawa walikuwa wakija na debe za mahindi tangu alfajiri, na mashine ilisomesha watoto wengi mpaka kidato cha nne.

Leo mkienda Ruiru mnaona wenyewe. Mashamba ya kahawa yameota nyumba za ghorofa. Wapangaji wananunua unga wa pakiti dukani. Mashine haikuharibika, kazi ndiyo iliyohama. Na inapoharibika kweli, spea hazipo madukani, inabidi fundi wa jua kali Thika aikate upya kwa chuma, na bei ni yake.

Mwaka jana walikuwa na akiba ya shilingi 140,000. Mwenyekiti na vijana wakataka kununua injini mpya. Mkutano uliitwa, karatasi za kura zikakatwa. Kabla ya kupiga kura mweka hazina, mama ambaye kwa kawaida hasemi, akasimama akauliza, "Tunainunulia injini ploti ya nani?"

Kukawa kimya. Kila mtu alijua yule mzee alishafariki, na kwamba wanawe walikuwa wamemtuma mtu kusema wanataka mahali pao ifikapo Desemba. Watu walijua lakini hawakutaka kuwa wa kwanza kulisema. Kura iliahirishwa. Wengine walikasirika, wakasema mama ameleta mkosi.

Nilipoitwa niliwaambia hivi, na nawaambia na nyinyi. Kwa sheria ya Kenya, mapatano ya kuuza au kutoa haki katika ardhi hayasimami mahakamani kama si ya maandishi, yaliyotiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Iko katika Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3. Kushikana mikono na sala ni vitu vizuri, lakini hakimu hawezi kuvisoma. Tena mwenye ardhi akifariki, watoto wake hawawezi kuwauzia wala kuwakodisha kwa halali mpaka mahakama iwape mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu. Kwa hiyo msilipe mtoto mmoja wa familia pesa kwa siri ati yeye ndiye mkubwa. Kesho atakuja wa pili. Na kama bado inahesabiwa ardhi ya kilimo, kuihamisha au kuikodisha kunataka kibali cha Bodi ya Usimamizi wa Ardhi. Kikundi nacho kiwe kimesajiliwa, na cheti kiwe hai, maana kikundi kisicho na cheti hakina jina la kuandikwa kwenye karatasi. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ni ya mwaka 2022. Kama cheti chenu ni cha zamani nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkaulize mnatakiwa kufanya nini. Wakili ataomba pesa. Hata hivyo, kumlipa atazame karatasi ni nafuu kuliko injini iliyofungwa kwenye kibanda cha watu.

Wanawe yule mzee wamekubali kukaa nao. Si watu wabaya. Wao pia wana watoto, na ardhi ya Ruiru imepanda bei kuliko alivyoota baba yao. Mmoja wao alisema jambo lililonigusa: kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa kikundi aliyewahi kuwapelekea hata kilo mbili za unga wakati wa Krismasi. Hata Ngomeni malalamiko ni ya namna hiyo hiyo.

Kuhusu mashine, mawazo ni mawili. Baadhi wanataka iuzwe chuma chakavu. Wengine wamesema wafuate mfano wa antena, yaani mahali pale pale, kazi nyingine: wasage chakula cha kuku na ng'ombe, maana kati ya Ruiru na Thika wafugaji wa nyumbani ni wengi na malalamiko ya bei ya chakula cha mifugo hayaishi. Mimi naegemea hao wa pili, kwa masharti. Wapige hesabu ya umeme badala ya dizeli. Wajue watanunua mahindi na pumba wapi, na yawe makavu kabisa, maana mahindi yenye unyevu hushika ukungu wenye sumu ambao huua kuku na kupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto. Na mashine ikisaga chakula cha mifugo isirudishwe kusaga unga wa watu. Lakini yote hayo ni baada ya karatasi. Wakikosa mahali hapo, injini ya umeme inaweza kubebwa kwa mkokoteni hadi kwingine. Kibanda cha saruji hakibebeki. Ndiyo maana nimewaomba wasijenge hata tofali moja kwa sasa.

Wanaochukia kungoja nawaelewa. Akiba ikikaa, watu huanza kuikopa. Kwa hiyo wakati wa kungoja pesa zibaki benki kwa sahihi tatu, na kila kikao mweka hazina asome kiasi kilichopo kwa sauti, hata kama hakikubadilika.

KWA KIKAO CHENU KIJACHO

Mwenyekiti asilete wageni. Katibu aje na cheti cha kikundi na karatasi yoyote inayohusu ardhi. Kama hakuna karatasi, aje na jina kamili la aliyewapa mahali, awe hai au marehemu, na majina ya walioshuhudia. Wazee waliokuwepo siku hiyo waeleze ilivyokuwa, na vijana waandike. Mweka hazina aje na daftari la matengenezo ya miaka mitatu iliyopita, ajumlishe spea, fundi na mafuta, kisha aandike pembeni mashine iliingiza kiasi gani. Kama namba ya kwanza imezidi ya pili, asiifiche. Na mwanakikundi akisema "simama", mwulizeni ameona nini kabla ya kuendelea na ajenda.

Kikundi cha Ruiru wanakutana na familia ya marehemu Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, nje ya kanisa. Wamekubaliana kwamba safari hii chai italetwa na kikundi.